Uzi: Printa za 3D za unga, tunahangaika na katriji wakati tatizo liko kwenye kutandaza unga

Fundi_Nyakato (mleta mada)
Habari wakuu. Naona vijana wengi hapa Mwanza wanaojiundia printa za 3D za unga, zile ambazo unatandaza poda ya jipsamu tabaka jembamba, katriji ya wino inadondosha gundi pale panapotakiwa kuganda, pistoni inashuka kidogo, unatandaza tena, hela yote inaishia kwenye kichwa cha kuchapia na mota. Ikifika sehemu ya kutandaza unga mtu anafunga kipande chochote cha bomba basi. Mimi nasema wazi kabisa, kwenye mashine ya bei nafuu hapo kwenye kutandaza ndo ubora wote unapopatikana au kupotea.

Kazi yangu ni mifano ya propela na feni za pampu za maji za injini za boti, mafundi wa kumimina alumini wanaitumia kuchukua umbo kwenye mchanga. Boksi ni sm 15 kwa 15, tabaka mm 0.15, jipsamu ya hadwea nachanganya na sukari ya unga kidogo, gundi ni maji na spiriti. Kichwa kinadondosha safi sana. Tatizo ni uso wa unga: kuna mistari mirefu inayofuata mwendo wa rola, kuna mawimbi yanayokatiza, na tabaka za mwanzo za kitu chenyewe zinaburutwa na rola, propela inatoka kitako kimehama. Wenye uzoefu mseme, ni rola, ni unga, au ni nini?

Ngosha_wa_Buzuruga
Mwangaluka mkuu. Rola yako inazunguka au imefungwa tu? Mimi ningeiacha izunguke yenyewe kama mti wa kusukumia chapati, inakandamiza unga unakuwa mgumu, basi.

Kereza_Igogo
@Ngosha_wa_Buzuruga hapana kiongozi, hapo utaharibu zaidi. Rola ikizunguka kufuata mwendo, unga unanata kwenye chuma unabanduka vipande vipande, na ule mkandamizo unasukuma tabaka za chini. Rola ya kutandazia inazungushwa kinyume, yaani ikienda kulia, uso wake wa mbele unapanda juu. Hivyo inaukoroga ule mlima wa unga ulio mbele yake, unga unalegea na kutiririka, halafu sehemu ya chini inapita inasawazisha. Inahitaji mota yake au gia, ukiiachia beringi peke yake itafuata mwendo kila siku.

Fundi_Nyakato
Inazunguka kinyume tayari mkuu, nimeifunga kwa mkanda wa meno kutoka kwenye mota ndogo.

Kereza_Igogo
Basi twende kwenye mawimbi. Pima umbali kutoka wimbi moja hadi jingine. Rola ya kipenyo cha mm 20 mzingo wake ni karibu mm 63, ila kwa sababu inazunguka kwa kasi yake mwenyewe, wewe piga hesabu inasogea umbali gani kwa kila mzunguko mmoja. Mawimbi yakilingana na umbali huo, rola imepinda au haikukerezwa katikati. Yakiwa yamekaribiana kila mm 2 hivi hayo ni meno ya mkanda. Yakiwa hayana mpangilio wowote hiyo sio rola. Na bomba la maji la dukani halijawahi kuwa mviringo kamili, chukua shafti, ipeleke kwa fundi wa leithi aikereze ikiwa na beringi zake mahali pake, sio uikereze halafu ndo uchomelee ncha.

Dada_Maabara
Mnakimbilia rola, unga wenyewe je? Mleta mada unga umeupima? Chukua silinda ya kupimia ya ml 100, jaza unga bila kutikisa hadi 100, kisha igonge gonge mezani mpaka usishuke tena. Ukishuka hadi 80 gawanya 100 kwa 80 unapata 1.25, huo unatiririka vizuri. Ukishuka hadi 70 unapata 1.43, huo unashikana, hata umpe rola ya dhahabu utakuchania uso. Jipsamu ya dari imesagwa ili ishike ukutani, haikutengenezwa itiririke. Chembe ndogo sana, chini ya maikroni 20 au 30 hivi, nguvu za kushikana zinashinda uzito wake ndo maana inafanya mabonge.

Nyanza_Boy
Sasa dada si ndo tunatafuta chembe ndogo ili kitu kitoke laini? Tukiweka chembe kubwa uso unakuwa wa mchanga mchanga.

Dada_Maabara
@Nyanza_Boy ndo hapo penyewe. Chembe kubwa kuliko zote iwe angalau mara mbili au tatu ndogo kuliko unene wa tabaka. Tabaka ni mm 0.15 yaani maikroni 150, kwahiyo ukiwa na chembe ya maikroni 120 inakwama chini ya rola inaburuzwa mwanzo mwisho, ile mistari mirefu ya mleta mada naona kama ndo hiyo. Na ukiwa na vumbi tupu unashikana. Wanaopata uso mzuri wanachanganya, kubwa kidogo kwa ajili ya kutiririka na ndogo za kujaza nafasi katikati yake, na msongamano unapanda pia.

Mwl_Fizikia
Nakubaliana na dada kwa sehemu, lakini kuna jambo mmelipita. Tupo kando ya ziwa. Jipsamu ya kupigia plasta ni kalisi salfeti yenye nusu molekuli ya maji, inanyonya unyevu wa hewa na kuanza kuganda polepole ikiwa kwenye mfuko. Na sukari ndo balaa, sukari inavuta unyevu kuliko jipsamu. Msimu wa mvua acha bakuli wazi usiku, asubuhi utakuta vibonge. Mleta mada jiulize mwezi gani mistari ilizidi, utapata jibu lako.

Fundi_Nyakato
Kweli mwalimu, ilizidi masika. Ila kiangazi pia ipo, imepungua tu haijaisha.

Binti_Ukerewe
Samahani mwl naomba kupinga kidogo. Mimi unga wangu naukausha juani kwenye sinia mpaka unakuwa mkavu sana, unatandazika vizuri uso unang'aa, lakini tone la gundi likidondoka unga unaruka pembeni, vinabaki vishimo na ukingo wa kitu unakuwa na manyoya. Nikiuacha ulale ndani unyonye hewa kidogo vishimo vinaisha. Kwahiyo kukausha kila kitu sio jibu, unga unahitaji kushikana kidogo ili usiruke.

Mwl_Fizikia
@Binti_Ukerewe hoja nzuri, hilo lipo, tone linaingia kwa kasi na kurusha chembe. Lakini punguza umbali kati ya kichwa na unga kabla hujalaumu ukavu.

Binti_Ukerewe
Nimeshakisogeza kichwa mwalimu hadi kinakaribia kugusa unga. Bado.

Ngosha_wa_Buzuruga
Wazo: hapa Mwanza mawe ndo mji, vumbi la kokoto lipo bure kila kilima. Tukilichekecha tukachanganya na simenti si tunapata unga wa bei ya bure?

Nesi_wa_Zamu
@Ngosha_wa_Buzuruga kaka hapo acha kabisa. Mawe yetu ni granaiti, ndani yake kuna madini ya kwatzi, vumbi lake laini likiingia mapafuni linaleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona. Wanaoponda kokoto wenyewe wapo hatarini. Wewe unataka kulichekecha libaki lile laini zaidi halafu ulirushe ndani ya chumba na mashine! Hata jipsamu vaeni barakoa nzuri, sio kitambaa, jipsamu haina ubaya huo lakini vumbi ni vumbi.

Ngosha_wa_Buzuruga
Nimekuelewa nesi, asante.

Kijana_wa_Mkolani
Hivi hii teknolojia si ya Wachina? Nilisikia wao ndo walianza mwaka 2000 na kitu.

Nyanza_Boy
Hapana mkuu. Ya unga na gundi ilianzia chuo cha MIT Marekani, Emanuel Sachs na Michael Cima na wenzao, waliomba hataza (haki ya mvumbuzi) 1989 wakaipata 1993. Kampuni ya Z Corporation ikachukua leseni ikauza mashine za jipsamu miaka mingi, 3D Systems ikainunua 2012.

Kijana_wa_Mkolani
Na ile ya Texas?

Nyanza_Boy
Ile ni nyingine, ya Carl Deckard na Joe Beaman pale Chuo Kikuu cha Texas, inayeyusha unga kwa leza, hakuna gundi. Ila shida ya kutandaza unga ni ileile, wote wanahangaika nayo. Za kujiundia zilikuja baadaye, kuna Pwdr ya Chuo Kikuu cha Twente Uholanzi na Plan B ya Yvo de Haas, zote zinatumia katriji ya wino ya HP C6602 yenye nozo 12, yaani vitundu vya kudondoshea. Michoro ipo wazi mtandaoni, na hataza ya MIT muda wake umeisha zamani.

Seremala_Kirumba
Wakuu nimesoma toka juu hadi hapa. Hakuna aliyeuliza boksi limetengenezwa na nini. Mleta mada?

Fundi_Nyakato
MDF mkuu, ile mbao ya nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi, mm 12, pistoni ina felti pembeni unga usipite.

Seremala_Kirumba
Nilijua tu. MDF ikipata unyevu inavimba, kingo ndo zinaanza. Pistoni inabana, mota inazungusha skrubu, pistoni imekwama, halafu ghafla inaachia inashuka mara mbili kwa mpigo. Tabaka moja linakuwa jembamba sana rola inaburuta kazi yako, linalofuata linakuwa nene. Hayo ndo mawimbi yako na ndo kuhama kwako kwote. Toa unga wote, weka dayo geji (kile kipimo cha mshale kinachosoma mwendo mdogo sana) juu ya pistoni, ishushe mm 0.15 mara nyingi mfululizo usome kila hatua. Kama namba zinaruka achana na habari za unga.

Kereza_Igogo
@Seremala_Kirumba dayo geji nakuunga mkono, lakini pistoni ikiruka tabaka zima linaharibika, haliwezi kutoa mawimbi ndani ya tabaka moja. Mawimbi yanayokatiza kwenye uso mmoja ni rola au reli.

Seremala_Kirumba
Ameandika mawimbi, hajaandika kama ni kwenye uso mmoja au ubavuni mwa kitu kilichotoka. Aseme.

Fundi_Nyakato
Yote mawili mkuu. Nikilaza tochi ya simu pembeni mwanga upite sambamba na uso wa unga nayaona, na ubavuni mwa propela pia kuna ngazi zisizolingana.

Kereza_Igogo
Basi una magonjwa mawili.

Mota_na_Waya
Naongezea kwa Seremala. Skrubu ni M8 (kipenyo mm 8) ya kawaida? Kila mzunguko inasogea mm 1.25, stepa, yaani mota inayozunguka hatua kwa hatua, ya hatua 200 kwa mzunguko maana yake kila hatua kamili ni mm 0.00625, kwahiyo mm 0.15 ni hatua 24 kamili. Tumia namba inayogawanyika hivyo, usiweke tabaka la mm 0.17 ambalo mota inasimama katikati ya hatua mbili. Na nati iwe na springi kuondoa mlegezo, au kila mara shusha pistoni kupita kiasi kidogo halafu ipandishe mpaka pale unapotaka, iwe inafika kutoka upande uleule siku zote. Programu ndo inafanya hayo, hakuna gharama.

Samaki_Mkavu
Mbona mnapoteza muda na rola, mimi natumia bapa la chuma lililochongwa pembe, linapita mara moja limemaliza, halina mota, halipindi.

Kereza_Igogo
Bapa ni rahisi kweli na kwa unga unaotiririka vizuri linatosha. Ila halikandamizi, unga unabaki mlegevu, kitu kinatoka dhaifu. Na likipata jino dogo kwenye ukingo unapata mstari uleule sehemu ileile kila tabaka. Hiyo pia ni njia ya kupima mleta mada: mstari ukiwa mahali palepale siku zote ni chuma, ukihamahama ni bonge au chembe kubwa.

Fundi_Nyakato
Unahamahama.

Dada_Maabara
Asante, nilisema.

Samaki_Mkavu
Dada punguza furaha bado hatujamaliza haha. Mimi naweka vyote, bapa mbele linagawa unga, rola nyuma yake inamalizia. Na mwendo napunguza, ukikimbia unga unakuwa na matundu matundu.

Mama_Hadwea_Igoma
Wanangu, mimi ni muuzaji wa hiyo jipsamu. Mifuko inayokaa chini sakafuni karibu na mlango ndo ya kwanza kugeuka mabonge, mnunue iliyo juu ya mbao na muulize imeingia lini. Na bonge la jipsamu likishaganda halirudi hata ulisage, unga wake haukamati tena maji.

Mwl_Fizikia
Mama amesema kweli kabisa. Ndo maana kukausha peke yake hakutoshi, vilivyoganda lazima vichekechwe vitolewe. Na wanaokausha jikoni waangalie, juani au joto la nyuzi 60 inatosha, ikipita 180 hivi inapoteza na ule unyevu wa ndani iliobaki nao, kuganda kwake kunabadilika.

Nyanza_Boy
Chekecheke ya maikroni 100 mnaipata wapi Mwanza? Ile ya sembe ina matundu makubwa mno. Nimetafuta.

Binti_Ukerewe
@Nyanza_Boy nenda kwa wanaochapa tisheti. Ule wavu wa fremu ya kuchapia unauzwa kwa namba, namba ni idadi ya nyuzi kwa sentimita. Namba 77 tundu lake linakaribia maikroni 80, namba 43 ni kama 150. Waombe kipande au fremu iliyochanika pembeni. Mimi nimebana kwenye ndoo mbili za plastiki zilizokatwa kitako, naweka unga na sarafu chache juu yake natikisa, sarafu zinavunja mabonge na kuzuia wavu usizibe. Unaobaki juu unautupa, usijaribu kuusukuma kwa kidole upite.

Nyanza_Boy
Dada ubarikiwe, hii sikuwahi kuifikiria.

Ngosha_wa_Buzuruga
Nyavu za dagaa tunazo nyingi Mwaloni, si zingefaa tu? 😂

Binti_Ukerewe
Zinapitisha dagaa wachanga kaka, sembuse unga.

Mota_na_Waya
Na unga unaingiaje mbele ya rola? Faneli juu au pistoni ya pili pembeni?

Fundi_Nyakato
Faneli ndefu juu yenye mwanya chini, na mota ya kutetemesha niliyotoa kwenye padi ya gemu.

Mota_na_Waya
Inatetemeka muda wote?

Fundi_Nyakato
Ndiyo, nimeiunga moja kwa moja.

Mota_na_Waya
Iunge kwenye bodi iwake tu wakati mwanya upo wazi. Ukitetemesha unga umefungiwa unakaza, unajenga tao juu ya mwanya, halafu unadondoka bonge zima upande mmoja. Kuta za faneli ziwe wima zaidi, nyuzi 60 kwenda juu kutoka usawa wa sakafu au zaidi, na ndani bandika karatasi laini ya alumini. Na mwaga unga wa ziada, tabaka likihitaji kiasi fulani wewe toa mara moja na nusu, unaobaki ukusanyike mwisho urudi kuchekechwa. Wengi wanabana hapo, mwisho wa boksi unga unawaishia.

Mwl_Fizikia
Faneli ikiwa ya plastiki kuna umeme tuli pia, unga unapanda ukutani. Unganisha waya kutoka rola na fremu hadi ardhini.

Dada_Maabara
Mwalimu kwa hapa ziwani na jipsamu sidhani, umeme tuli unasumbua unga wa nailoni na hewa kavu. Unyevu na umeme tuli havikai pamoja, chagua moja.

Mwl_Fizikia
Kiangazi saa nane mchana ndani ya chumba cha bati, njoo uone dada.

Dada_Maabara
Nitakuja na kipima unyevu.

Mfaiba_Capri
Salamu wadau. Sisi wa kutengeneza boti za faiba kuna silika nyeupe nyepesi mno tunachanganya kwenye risini isimwagike. Hiyohiyo ukiweka kidogo sana kwenye unga, asilimia moja au nusu yake kwa uzito, unga unaanza kutiririka, chembe zake zinakaa kati ya chembe kubwa zisigusane. Changanya kwenye ndoo iliyofungwa na barakoa usoni. Hii sio kwatzi nesi usinigombeze.

Nesi_wa_Zamu
Najua, hiyo haina fuwele. Lakini barakoa umesema mwenyewe, asante.

Binti_Ukerewe
Na ukizidisha hiyo silika gundi inaingia taratibu, tone linakaa juu. Halafu unga ukitiririka sana tunarudi kwenye vishimo vyangu.

Samaki_Mkavu
Kuhama kwa tabaka za mwanzo hakuna aliyejibu. Mkuu unaanza kuchapa tabaka la kwanza kabisa?

Fundi_Nyakato
Natandaza mawili matatu ndo naanza.

Samaki_Mkavu
Tandaza mpaka unene wa mm 3 kabla hujachapa chochote, rola ipite juu yake mara nyingi unga ukae. Chini kabisa ubao uwe na mikwaruzo, usiwe laini. Halafu punguza gundi tabaka za mwanzo na usubiri kidogo kabla ya kutandaza tena, kitu kikiwa tope rola inakibeba. Wengine wanachapa fremu nyembamba kuzunguka kazi ili ishike unga.

Kijana_wa_Mkolani
Na umeme ukikatika katikati ya kazi?

Mota_na_Waya
Betri ya gari na inveta. Usiache kazi isimame muda mrefu, tabaka la juu linakauka, linalofuata halishikani nalo, propela inapasuka palepale.

Fundi_Nyakato
Wakuu narudisha majibu. Nimechekecha kwa wavu namba 77, sukari nimeipunguza nusu, tabaka nimehesabu kwa hatua 24, faneli inatetemeka ikiwa wazi tu, na nimetandaza mm 3 kabla. Mistari mirefu karibu yote imeondoka, kuhama kumekwisha. Mawimbi ya kukatiza yapo palepale, umbali ni mm 31 kila moja.

Kereza_Igogo
Rola yako inasogea umbali gani kwa mzunguko mmoja?

Fundi_Nyakato
Mm 31 mkuu.

Kereza_Igogo
Lete shafti.

Seremala_Kirumba
Dayo geji je?

Fundi_Nyakato
Bado sijapata ya kuazima.

Seremala_Kirumba
Basi ngazi za ubavuni hujazigusa, usitangaze ushindi. MDF ile ile, mvua zikirudi tutakutana hapa.

Dada_Maabara
Kwahiyo ilikuwa unga.

Mwl_Fizikia
Kupunguza sukari ni kupunguza unyevu dada. Amebadilisha vitu vitano kwa pamoja, huwezi kujua ni kipi kimefanya kazi. Arudishe sukari kama mwanzo aache mengine, ndo tutajua.

Binti_Ukerewe
Na mimi vishimo vyangu nani ananijibu? Unga wangu umepita kwenye wavu huo huo, kichwa kipo karibu, na gundi nimeipunguza.

Mfaiba_Capri
@Binti_Ukerewe puliza ukungu mwembamba wa maji na spiriti juu ya kila tabaka kabla ya kuchapa, kwa chupa ya kupulizia nywele, ukisimama mbali. Ukipata majibu yaweke hapa.

Binti_Ukerewe
Nikipuliza si rola itabeba unga tabaka linalofuata?

Mfaiba_Capri
Ndo maana nimesema mwembamba na mbali.